Mtihani wa tabia kwenye intavyu: unapima nini hasa kwa mtu?

#1 BintiBuxton
Salaam nyote. Mdogo wangu wa kike alikwenda intavyu kwenye kampuni moja ya mizigo hapa Mombasa. Kazi ni ya kufuatilia makontena na kuzungumza na wenye mali. Diploma anayo, na kazi ya namna hiyo ameshaifanya. Kabla hajaulizwa chochote kuhusu makontena akakalishwa mbele ya kompyuta: wapenda kukaa na watu wengi au wachache? Ukiamua jambo wafuata kichwa au moyo? Maswali chungu nzima ya kutia alama. Mwisho zikatoka herufi nne, na aliyekuwa akimsaili akamwambia wazi kwamba hizo ni herufi za mtu mkimya, hataweza wateja. Kazi akapewa mwingine.

Huyu mtoto nimemlea mimi. Mbele ya mgeni hunyamaza, sikatai. Lakini kwenye harusi yeye ndiye anayeanzisha nyimbo za vugo, na muuzaji wa Kongowea akimpunja atasikika hadi barabarani. Sasa tabia yake ni ipi katika hizo? Na wanasaikolojia huijuaje tabia ya mtu kwa maswali ya kutia alama? Nataka maelezo ya ndani, maana nyumbani tumebishana hadi tumechoka.

#2 DerevaWaLikoni
Tabia ni ngozi, dada. Mimi naendesha matatu ya Likoni–Ukunda tangu ujana wangu. Abiria akipanda tu nishamjua: huyu atalipa kabla ya kuombwa, huyu atajifanya amelala, huyu atagombania chenji. Na wa kugombania chenji leo, mwaka ujao utamkuta yuko pale pale. Mashine ya nini? Tabia ipo na haibanduki.

#3 Nafsi_Pwani
Nasoma saikolojia, mwaka wa mwisho. Hizo herufi nne ni za kipimo cha Myers-Briggs. Waliokitunga ni mama na bintiye, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, Wamarekani ambao hawakusomea saikolojia. Walichukua mawazo ya Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi aliyeandika kuhusu aina za watu mwaka 1921, wakayageuza kuwa maswali katika miaka ya 1940.

Kasoro yake kubwa ni kwamba kinakata watu katikati. Wengi wetu tuko karibu na kati, si wazungumzaji mno wala si wakimya mno. Aliyepata alama moja juu ya mstari anapewa herufi hii, aliyepata moja chini anapewa ile, na wawili hao wanafanana kuliko ndugu. Ndiyo maana wengi wakirudia baada ya wiki chache wanatoka na herufi nyingine. Na kampuni yenyewe inayokiuza inasema kisitumike kuchagua nani aajiriwe. Waliomsaili mdogo wako wamefanya kile ambacho wenye kipimo wamekikataza.

#4 MzeeWaBaraza
Wanangu, haya mnayoyaona mapya ni ya kale. Matabibu wetu wa Mji wa Kale walijua kwamba mtu ana mizaji minne, yaani viowevu vya mwilini: damu, balghamu (makohozi), safura (nyongo ya manjano) na sauda (nyongo nyeusi). Aliyezidi damu ni mchangamfu. Aliyezidi safura, hasira zake zi karibu. Wa balghamu ni mpole na mzito, wa sauda ni mtu wa fikira na huzuni. Tabibu Ibn Sina aliyaandika haya katika kitabu chake cha tiba, Qanun, yapata miaka elfu sasa. Marehemu nyanya yangu akitutazama wajukuu mmoja mmoja na kumpangia kila mtu chakula chake, cha joto au cha baridi. Hakuhitaji kompyuta.

#5 Mwalimu_Changamwe
Shikamoo Mzee. Ibn Sina aliyapokea kutoka kwa Wagiriki, kwa Hippocrates na hasa Galen, tabibu wa Pergamon, ambao leo uko Uturuki. Na tiba ya sasa haikukuta kwamba viowevu hivyo vinne ndivyo vinavyoleta tabia.

Lakini kuna jambo litakufurahisha. Hans Eysenck, mwanasaikolojia mzaliwa wa Berlin aliyefanya kazi London, alichora mistari miwili inayokatana: mmoja unatoka ukimya kwenda uchangamfu, mwingine unatoka utulivu kwenda wasiwasi. Pembe nne zilizotokea akaziandikia majina ya Galen, waziwazi: mchangamfu mtulivu ndiye yule wa damu, mchangamfu mwenye hisia za kuyumba ndiye wa safura, na kadhalika. Wazee waliwatazama watu vizuri. Maelezo ya sababu ndiyo yaliyoanguka.

#6 MzeeWaBaraza
Marahaba mwalimu. Sababu haikuanguka, nyinyi mmebadilisha jina. Leo mwasema homoni.

#7 KijanaWaKisauni
Nimekaa paleee na mahamri yangu. Mzee moja, mwalimu bila 😄

#8 BintiBuxton
Shukran @Nafsi_Pwani. Lakini bado hujanijibu. Kama hizo herufi nne ni mbovu, kilicho kizuri ni kipi na kinapatikanaje?

#9 Mwalimu_Changamwe
Hapo niruhusuni nirefushe kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu.

Mwaka 1936 wanasaikolojia Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi kubwa ya Kiingereza ya Webster wakachomoa kila neno linaloweza kumweleza mtu. Walipata karibu 18,000. Wakatoa ya hali za kupita na ya kusifu au kulaani tu, yakabaki kama 4,500 ya sifa zinazokaa na mtu. Wazo lilikuwa hili: watu wakiishi pamoja karne kwa karne, sifa yoyote ya maana kwao wataipa jina. Kwa hiyo ramani ya tabia imo ndani ya lugha, kazi ni kuisoma.

Kuisoma vipi? Unawapa watu wengi maneno hayo, kila mmoja ajipime au ampime mwenzake. Utaona anayesema yeye ni mzungumzaji, mara nyingi husema pia ni mcheshi na apenda wenzake. Anayesema huweka vitu mahali pake husema pia hufika kwa wakati na hulipa deni. Hesabu hutafuta maneno yanayotembea pamoja. Raymond Cattell alifika kwenye sifa 16. Mwaka 1961 Ernest Tupes na Raymond Christal, wakipitia takwimu za jeshi la anga la Marekani na nyinginezo, wakaona makundi matano yanajirudia. Baadaye Lewis Goldberg akayathibitisha kwa maneno, na Paul Costa na Robert McCrae wakatunga hojaji. Ile ya mwaka 1992 ina maswali 240.

Matano hayo ni uchangamfu, kupatana na watu, bidii na kushika ahadi, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, na hamu ya mambo mapya. Hapa hakuna aina za watu kabisa. Kila mtu yumo katika yote matano, swali ni kwa kiasi gani ukilinganishwa na wengine.

#10 KijanaWaKisauni
Mwalimu nakurudisha nyuma. Kamusi ya Webster ni ya Wamarekani. Je, wangefungua kamusi ya Kiswahili wangepata matano yale yale? Sisi tuna mwenye staha, mwenye murua, mwenye haya, muungwana, mfitini, mwenye jicho, msiri, mwenye makuu. Mtu wa Mombasa akimchunguza mkwe hamuulizi kama apenda mambo mapya. Anauliza ana adabu? Anaishi vipi na watu?

#11 Msomaji_Tudor
@KijanaWaKisauni umegusa penyewe. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake waliandika makala iliyowatikisa wengi, wakionyesha kwamba wanaochunguzwa na wanasaikolojia kwa sehemu kubwa ni watu wa nchi za Magharibi, tena wanafunzi wa vyuo, halafu matokeo yanasemwa ni ya binadamu wote.

Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walichapisha utafiti juu ya Watsimane wa Bolivia, wakulima na wawindaji wa msituni. Yale matano hayakujitokeza. Na kwetu hapa Afrika Mashariki kuna uchunguzi wa Kimaa, lugha ya Wamaasai, uliotoka mwaka 2020 pamoja na wa lugha moja ya Mali, ukiongozwa na Amber Thalmayer. Walianza na maneno ya wenyeji wenyewe. Matano ya Kiingereza hayakutoka kwa sura yake. Afrika Kusini nako wamefanya kazi kubwa: waliwahoji watu zaidi ya 1,200 kwa lugha zote 11 zilizokuwa rasmi, wakiwaambia wamweleze mtu wanayemjua. Mengi yaliyosemwa yalihusu jinsi mtu anavyokaa na wenzake: anapatanisha, anasaidia, ana huruma, anaongoza wengine vizuri. Hojaji za Magharibi zina nafasi ndogo kwa hayo.

#12 Nafsi_Pwani
Niongeze kwa haki: matano hayo yamejaribiwa nchi nyingi sana, na mahali pengi, hasa kwa waliosoma na wa mijini, yanajitokeza vizuri. Kwa hiyo haifai kusema ni ya Wazungu tu tukafunga mjadala.

#13 Msomaji_Tudor
Sikufunga. Nimesema ukipeleka hojaji iliyotafsiriwa utapata ulichokipeleka. Kuanza na maneno ya watu wenyewe ni kazi nyingine.

#14 MamaPacha
Mimi nina la nyumbani. Wanangu ni pacha wa kufanana, hata baba yao huwachanganya wakikaa kimya. Tumbo moja, titi moja, madrasa moja, shule moja. Mmoja ukimtuma dukani atarudi na habari za mtaa mzima. Mwenzake atarudi na unga na chenji, basi. Sasa nyinyi mnaosema tabia ni ya kurithi, wamerithi kwa nani tofauti?

#15 Nafsi_Pwani
Mama, pacha ndio waliowafundisha wanasaikolojia zaidi ya kundi lolote. Mwaka 1979 Thomas Bouchard alianza uchunguzi Minnesota wa pacha waliotenganishwa wachanga na kulelewa nyumba mbalimbali. Wale wa kufanana walipopimwa ukubwani walikaribiana kitabia karibu sawa na pacha waliolelewa pamoja. Kwa jumla ya tafiti za namna hii, urithi unaeleza takriban asilimia 40 hadi 50 ya tofauti za tabia baina ya watu.

Nusu iliyobaki ndiyo yenye kushangaza. Si malezi ya pamoja ya nyumba moja, bali yale yanayompata kila mtoto peke yake: rafiki huyu, ugonjwa ule, mwalimu aliyempenda, na bahati tu.

#16 MamaPacha
Yaani nimekesha nao, nimewafunza kusalimu, nimewafunza kusema ukweli, halafu niambiwe malezi yangu hayamo kwenye hesabu? Siwezi kulikubali hilo hata liandikwe na nani.

#17 NesiTudor
Mama usikasirike, hesabu hiyo inasomwa vibaya na wengi. Asilimia 50 haina maana kwamba nusu ya mwanao ni damu na nusu ni wewe. Inahusu tofauti baina ya watu katika jamii fulani. Kama nyumba zote za mtaa zinafunza watoto kusalimu, malezi hayo hayataonekana kwenye hesabu ya tofauti, na bado ndiyo yaliyowafanya wote wasalimu. Na kusema ukweli, kusali, kuheshimu wakubwa, hayo ni mafunzo. Uchangamfu ni kitu kingine.

Niliyoyaona wodi ya kina mama waliojifungua: watoto hawafanani toka siku ya kwanza. Huyu ukimfunua kidogo analia mji mzima, huyu unambadilisha nguo amelala. Alexander Thomas na Stella Chess walianza kuwafuata watoto New York mwaka 1956 wakawagawa: wepesi, wagumu, na wanaochelewa kuzoea. Lakini hapa kwetu Kenya, Charles Super na Sara Harkness walikaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, miaka ya 1970, wakaona jambo ambalo mimi humwambia kila mzazi. Mtoto anayeamkaamka usiku, kwa wazazi wa Boston, Marekani, ni taabu, maana wanataka alale peke yake hadi asubuhi. Kokwet analala na mama, akiamka ananyonya, mambo yamekwisha. Mtoto ni yule yule. Ugumu umeongezwa na nyumba.

#18 KifunguaMimba
Mbona hamtaji nafasi ya kuzaliwa? Sisi wa kwanza ndio tunaobebeshwa kila kitu, ndiyo maana tuna bidii na uwajibikaji. Kitinda mimba wetu mpaka leo hajui bei ya mkate. Alfred Adler, daktari wa akili wa Austria, alilisema hili zamani.

#19 Msomaji_Tudor
Adler alisema, lakini mwaka 2015 Julia Rohrer na wenzake walipitia watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani. Nafasi ya kuzaliwa haikuonyesha athari ya maana kwenye uchangamfu, wasiwasi, kupatana wala bidii. Tunaona tofauti nyumbani kwa sababu wa kwanza ni mkubwa kwa umri. Ukimlinganisha wa miaka thelathini na wa kumi na tisa, lazima wa thelathini aonekane na uwajibikaji.

#20 KifunguaMimba
Marekani, Uingereza, Ujerumani. Umesema mwenyewe pale #11 tusichukue vya huko tukavifanya vya wote. Njoo uwahesabu vifungua mimba wa Majengo waliosomesha wadogo zao ndipo tuzungumze.

#21 Msomaji_Tudor
Hoja yako ina nguvu. Anayebebeshwa majukumu kweli, si kwa jina tu, huenda akatoka tofauti. Ningependa sana lifanyike hapa.

#22 DerevaWaLikoni
Mmezunguka hadi mmerudi kwangu. Nusu ya kurithi, mtoto anazaliwa nayo. Nilisema tangu #2: ngozi.

#23 Mwalimu_Changamwe
Dereva, kuna mtu aliyeikataa ngozi yako akaigawa taaluma nzima. Walter Mischel, mwaka 1968, alipitia tafiti zilizojaribu kubashiri mtu atafanya nini kwa kuangalia alama zake za tabia. Uhusiano mara chache ulivuka 0.30, ambapo 1 ni kubashiri bila kukosea. Mtoto mwaminifu kwenye mtihani anaweza kudanganya mchezoni. Akasema tuangalie mazingira. Wanasaikolojia walibishana miaka na miaka.

Waliojibu vizuri walisema hivi: tukio moja halitoshi. Seymour Epstein alionyesha mwaka 1979 kwamba ukikusanya matendo ya mtu ya siku nyingi na kuchukua wastani, uthabiti unapanda sana. Na William Fleeson, mwaka 2001, aliwapa watu vifaa vya kujaza mara kadhaa kwa siku jinsi walivyo saa ile. Akaona kila mtu anazunguka karibu kote: mkimya ana saa zake za kuchangamka, mchangamfu ana saa zake za kunyamaza. Lakini wastani wa mtu wiki hii na wiki ijayo unakaribiana mno.

@BintiBuxton, hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza kwa ninavyoelewa. Wa kwenye vugo na wa mbele ya mgeni ni mmoja. Tabia yake ni huo mzunguko wote na mahali unapoelemea. Abiria wa Dereva anaonekana kwa dakika arubaini, akiwa abiria. Hajamuona akiwa baba, akiwa msibani, akiwa na deni.

#24 DerevaWaLikoni
Dakika arubaini kama kivuko hakina foleni. Kukiwa na foleni namjua zaidi. Lakini nimekuelewa.

#25 UstadhMtaani
Hapo kwa Dereva mwalimu amenikumbusha kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar. Mtu alikuja kumshuhudia mwenzake kwamba ni mwema. Umar akamuuliza: wewe ni jirani yake? La. Umesafiri naye? La. Umefanya naye muamala wa pesa? La. Akamwambia basi humjui, labda umemuona tu msikitini akiinama na kuinuka. Mimi naona hicho kilikuwa kipimo bora kuliko maswali 240 ya kujisifu mwenyewe.

#26 Nafsi_Pwani
Ustadh, wanasaikolojia wanalifanya hilo: wanawauliza marafiki, wake, waume, wafanyakazi wenza, halafu wanalinganisha. Simine Vazire aliandika mwaka 2010 kwamba kila upande una unachokiona vizuri. Wasiwasi wa ndani mwenyewe aujua zaidi. Mambo yanayogusa sifa na heshima, kama akili au ubunifu, wenzake humwona kwa usahihi zaidi kwa sababu yeye anajipendelea.

#27 BintiWaNyotaYaMoto
Jamani mbona mnasumbuka na mimi nilipigiwa hesabu ya nyota nikaelezwa mimi mwote? Nikaambiwa: una uwezo mkubwa hujautumia bado, kwa nje wajionyesha imara lakini ndani una wasiwasi, wapenda uhuru lakini wahitaji kupendwa. Nililia. Hakuna hojaji iliyowahi kunijua hivyo.

#28 Msomaji_Tudor
Dada yangu, soma tena hayo maneno kisha mtafute mtu mmoja wa Mombasa ambaye hayamhusu. Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, akarudi na majibu, kila mmoja na karatasi yake. Wakayapa alama ya usahihi, wastani 4.26 kwa 5. Kumbe karatasi zote zilikuwa sawa, na sentensi nyingi alizitoa kwenye kitabu cha nyota cha kibandani. Maneno yako matatu yanafanana mno na yake.

#29 BintiWaNyotaYaMoto
Hata kama ni ya watu wote, yalinisaidia siku ile. Hilo hamlipimi.

#30 NesiTudor
Ni kweli, na mimi silidharau. Kuliwazwa ni haja ya kweli. Ila asije mtu akakunyima kazi au mume kwa karatasi hiyo hiyo.

#31 Mwl_Chekechea
Nami nataka kuuliza kuhusu ile ya peremende. Semina moja tuliambiwa mtoto anayeweza kungoja peremende ya pili ndiye atakayefaulu maishani. Tangu hapo wazazi wananiuliza kama wanao "wana subira". Ni kweli?

#32 Mwalimu_Changamwe
Ni yule yule Mischel wa #23, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mtoto anawekewa kitamu kimoja, akingoja mtu mzima arudi anapewa viwili. Walipofuatwa ukubwani, waliongoja walionekana kufanya vizuri zaidi. Lakini watoto wale walikuwa wachache, wa chekechea ya chuo. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walirudia kwa watoto zaidi ya 900 wa mazingira mbalimbali. Uhusiano ulikuwa mdogo zaidi, na ulipungua sana walipoingiza hali ya nyumbani. Mtoto ambaye kwao chakula cha kesho hakina hakika, kula cha sasa ni busara.

Mwaka huo huo ukatoka mwingine wa kuwalinganisha watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wa Wanso, wakulima wa Kamerun. Wanso waliwekewa andazi la kwao. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Wanso walingoja, na wa Ujerumani hawakufika theluthi. Baadhi ya wale wa Wanso walisinzia wakingoja! Hiyo ni subira ya kuzaliwa au ni nyumba ambayo mtoto amezoea kutii mkubwa? Mimi nasema nyumba.

#33 MamaPacha
ALHAMDULILLAHI. Nyumba.

#34 KijanaWaKisauni
Mama amepata goli dakika za majeruhi.

#35 KakaWaMtwapa
Nina la uchungu kidogo. Ndugu yangu alianguka na bodaboda, akaumia kichwa. Alipona, anatembea, anakumbuka kila kitu. Lakini si yeye. Alikuwa mtu wa subira, sasa akikatizwa tu anatupa vitu. Nilisoma habari za Phineas Gage, yule Mmarekani aliyepitishwa nondo kichwani mwaka 1848, kwamba aligeuka mtu mwingine akaishi hovyo hadi kufa. Ikiwa tabia yakaa kwenye nyama ya ubongo namna hiyo, roho iko wapi?

#36 NesiTudor
Pole sana kaka. La roho namwachia Ustadh. La Gage nalirekebisha kwa sababu lina faraja kwako. Ni kweli daktari wake aliandika kwamba marafiki walisema si Gage tena. Lakini hakuishi hovyo hadi kufa. Alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria miaka kadhaa, kazi yenye ratiba, njia ngumu na watu wa kuhudumia. Wanaoichunguza habari yake siku hizi wanaona alirejea kwa kiasi kikubwa. Alifariki mwaka 1860. Mpeleke ndugu yako kwa wataalamu wa ubongo na kwa mwanasaikolojia, na mtengenezeeni siku yenye mpangilio usiobadilika. Usikate tamaa mapema.

#37 DerevaWaLikoni
Kumbe dereva wa abiria! Wallahi huyo ni mwenzetu. Kaka wa Mtwapa, Mungu amponye ndugu yako. Kama atataka kukaa stendi na sisi awazoee watu tena, aje, tutamvumilia.

#38 UstadhMtaani
Amin. Kaka, mtu hahesabiwi kwa kile ambacho ugonjwa umemfanyia. Kalamu huinuliwa kwa asiyejimiliki. Njoo tuzungumze faragha.

#39 AfisaAjira
Nimesoma kimya tangu jana. Mimi naajiri watu, kwingine si huko. Nitetee vipimo kidogo. Murray Barrick na Michael Mount walikusanya tafiti nyingi mwaka 1991 wakaona sifa moja inahusiana na ufanisi katika kila aina ya kazi: bidii na kushika ahadi. Si uhusiano mkubwa, lakini upo. Intavyu ya mdomo bila mpangilio nayo ina upendeleo wake: mwajiri humpenda anayefanana naye. Kwa hiyo hojaji nzuri, pamoja na mtihani wa kazi yenyewe, inasaidia. Iliyotumika kwa huyo dada siyo.

Na ile imani kwamba mkimya hawezi wateja haina mashiko. Mwaka 2013 Adam Grant alichapisha matokeo ya wauzaji wanaouza kwa kupiga simu: walioleta pesa nyingi zaidi hawakuwa wachangamfu wa kupindukia, walikuwa wa katikati.

#40 MtuWaSheria
@BintiBuxton, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mdogo wako haki ya kuomba taarifa zake zinazoshikiliwa, na haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Aandike barua aombe majibu yake.

#41 AfisaAjira
Watajibu kwamba aliyeamua ni binadamu aliyekuwa akimsaili. Lakini aandike. Barua za namna hiyo hufanya ofisi zijiulize.

#42 BintiBuxton
Shukran nyote, barua tunaiandika leo. Nimempa asome uzi wote. Amesema hakubaliani na mwalimu: anajiona ni watu wawili na wote anawapenda.

#43 Mwalimu_Changamwe
Mwambie namheshimu, ila wastani wake naujua 😊

#44 MzeeWaBaraza
Ni balghamu na damu. Watu wawili, mizaji miwili.

#45 Nafsi_Pwani
Nina ombi. Mradi wangu wa kumaliza chuo nataka uwe ule wa #10: maneno ya watu wa Mombasa wenyewe ya kumweleza mtu. Nipeni maneno. Kimvita, ya nyumbani, ya baharini, yote.

#46 KijanaWaKisauni
Andika: mwenye haya, mwenye staha, mjuvi, mpujufu, mwenye inda, mwenye makuu, mkunjufu, mwenye ghera.

#47 MamaPacha
Mjuvi ni tusi, na mwenye haya ni sifa njema. Usiyaweke fungu moja.

#48 KifunguaMimba
Kwa mwanamke mnasema sifa njema. Mwanamume akiwa na haya mwamwitaje?

#49 MzeeWaBaraza
Haya ni sifa njema kwa wote wawili. Andika hivyo.

#50 KifunguaMimba
Mzee, kwa wote wawili kwenye kitabu. Mtaani je?